Inchi Sita

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa stoo,
orofa ya nne, mlango usio na jina.
Harcourt, Virdee na Mwangangi, Wasanifu Majengo:
kibao cha shaba bado kinang'aa kule chini
maana Bi. Nyaguthii hukisugua kwa ndimu kila Ijumaa,
ingawa Harcourt alikufa akilalamikia joto,
Virdee akawafuata wanawe ng'ambo,
na Mwangangi, aliyejenga nusu ya mtaa,
sasa huuliza mtaa unaitwaje.

Orodhesha, wameniambia. Piga picha kila mchoro.
Zilizoliwa na mende, tupa.

Nafungua bunda la kwanza.
Amonia yanipanda puani kama kitunguu.
Miaka themanini na sita ya karatasi,
na vumbi lake, na pini zilizoshika kutu:
benki ya nguzo nane,
ghala la kahawa lenye paa la meno ya msumeno,
sinema ambayo siku hizi ni kanisa,
kanisa ambalo siku hizi linauza simu.
Mawe yote yameandikwa: ya kijivu, ya kuchongwa kwa mkono,
tindo ionekane.
Ninayapita kila asubuhi mawe hayo.
Sikujua kuna mtu aliyeagiza tindo ionekane.

Kuna na yale ambayo sikutaka kuyaona.
Mchoro nambari arobaini na moja, ofisi za serikali:
vyoo vitatu, milango mitatu,
kila mlango na ngozi yake,
mwandiko safi, herufi zimesimama wima
kama askari wa gwaride.
Mkono uliochora tao lile ninalolipenda
ndio uliochora na hili.
Nimegeuza karatasi, nimeigeuza tena.
Haina upande wa kukata.

Mchana ikaja barua.
Mwenye kiwanja, Mtaa wa Biashara,
aomba michoro ya jengo lake la mwaka wa thelathini na tisa,
apate kujua msingi umeshuka kiasi gani,
tingatinga lisije likahangaika.

Nikaitafuta. Ilikuwa chini kabisa.
Pembeni, penseli, si mwandiko wa bwana yeyote:
*Musau wa mawe asema dirisha lishuke inchi sita,
karani akiketi asiwe anatazama ukuta.*
Na chini yake, wino mwekundu: *Sawa.*

Musau yupi? Nimefungua daftari la malipo.
Waashi, kumi na wawili. Vibarua, sitini.
Punda, wanne, na majina yao.

Saa kumi nikateremka na futi mfukoni.
Orofa ya kwanza, nyuma ya vitambaa,
mwanamke kwenye cherehani, pini mdomoni:
"Umetumwa na kanjo?"
"Hapana. Napima dirisha."
Akacheka, pini zisidondoke.
Kutoka sakafuni hadi kizingitini, inchi thelathini.
Jengo la jirani, thelathini na sita. Nilirudia mara mbili.

"Keti," akasema Kerubo, akanipisha kiti chake.
Nikaketi.
Kuba za msikiti. Mwewe juu ya kuba.
Muuza maparachichi akipanga, akipangua.
"Hapa nashona bila taa mpaka jua lizame,"
akasema, "wenzangu wa pale wanalipa stima tangu saa tisa.
Mjenzi wa hapa alikuwa na akili."
Ningemwambia. Jina lilikuwa ulimini.
Lakini na barua nayo ilikuwa ulimini,
na huwezi kutoa moja ukameza nyingine.
Nikasema ahsante, nikakunja futi.

Sasa ni usiku, stoo ina balbu moja.
Kwenye orodha kuna safu ya *Msanifu*.
Nimeandika: Virdee.
Nimetazama nafasi iliyobaki, ndogo,
nikaandika kwa kubana: na Musau, mwashi.
Safu ya *Hali* nimeiacha wazi.

Barua haijajibiwa.
Kesho Ijumaa. Bi. Nyaguthii atakuja na ndimu zake.